Kinga Iliyomgeukia Dada

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba lile goti lako siku hizi linakuruhusu kupanda ngazi bila kugombana nalo. Sisi hatujambo. Mama naye mzima, ila analalamika kwamba tangu uhame hapati mtu wa kubishana naye akatosheka.

Sasa kaa kitako nikupe habari za dada. Alinikataza kukuandikia mpaka majibu yatoke, hakutaka ukose usingizi.

Unamjua alivyo, fundi rangi asiyetulia. Mwaka jana alikuwa akipaka kuta za shule, juani kutwa. Vidole vikaanza kumuuma hata kushika brashi ikawa kazi, na mashavu yakawa mekundu. Tukasingizia harufu ya rangi. Kisha miguu ikavimba, viatu vikagoma kuingia, na mkojo ukawa unatoa povu. Shemeji, ambaye haongei mpaka aombwe, akasema neno moja tu: "Hospitali."

Huko walimtoa kipande kidogo cha figo kwa sindano, wakakipime. Mimi msindikizaji ndiye niliyetoka jasho. Yeye alikuwa akimweleza nesi kwamba rangi ya wodi inabanduka kwa sababu ukuta haukupigwa msasa.

Daktari wa figo, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba ugonjwa unaitwa lupusi. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na vijidudu, imekosea, inaushambulia mwili wenyewe. Sasa imefika kwenye figo zinazochuja damu, ndiyo maana protini inavujia kwenye mkojo.

"Kwa hiyo kinga yangu si dhaifu?" dada akauliza.

"Si dhaifu. Ni kali pasipotakiwa. Dawa zitaipunguza makali."

"Na nisipozimeza?"

"Figo zinaweza kushindwa kabisa, damu yako ikawa inasafishwa kwa mashine."

Dada akanyoosha mkono. "Basi nipe. Ila unieleze kila kidonge kinafanya nini."

Dawa zenyewe, Shangazi, zilimtesa. Uso ukajaa ukawa duara, usingizi ukapaa, mwanawe mdogo akawa anamtazama kama mgeni. Siku moja nilimkuta jikoni analia, amefungua bomba ili tusimsikie. Aliponiona akajifuta, akaomba maji ya kumezea vidonge.

Lakini nililomvulia kofia ni hili. Watu walipoona hali yake, kila mmoja alikuja na chupa: mizizi, majani, unga wa sijui nini, zote za kuongeza kinga. Mama mkwe wake ndiye aliyetia fora, alisafiri na dumu zima. Sote tukaangalia chini. Dada akalipokea kwa mikono miwili, akamkalisha mzee wa watu, akamwambia taratibu:

"Mama, mimi kinga imenizidi. Tukiiongeza tutakuwa tunachochea ugomvi. Nisaidie jambo jingine. Vidole vinauma, siwezi kufua."

Mama mkwe akamtazama, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, akauliza beseni liko wapi. Mpaka leo anakuja kufua, na ole wako uguse nguo za dada kabla hajafika. Mimi, Shangazi, ningelinywa lile dumu lote kwa aibu tu.

Kazi hajaiacha. Anapaka vyumba vya ndani, mbali na jua, na vidole vikikaza anakaa kwenye kiti anasimamia wenzake. Wanasema ni afadhali alipokuwa akipaka, maana akikaa anaona kila doa.

Juzi tulifuata majibu. Protini imeshuka sana, figo zinachuja vizuri. Daktari amesema ugonjwa haujaondoka, umetulia tu, na dawa ataendelea nazo. Shemeji, bila kuombwa, aliongea njia nzima kurudi nyumbani.

Wanakusalimu mama, shemeji, na mtoto, ambaye sasa anadai uso wa mama yake "umerudi". Mungu akutunze huko uliko, akupe afya na majirani wema.

Dada amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema nikuambie usitume chupa yoyote. Uje wewe.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye daima.