Mabakuli Mawili ya Tambi na Tofu, Kizota

Jumamosi, mwezi wa saba. Asubuhi baridi, mchana upepo. Vumbi la huku kwetu Mkonze limeingia hadi kwenye kabati la vyombo, na midomo yangu imepasuka, nikicheka inauma. Leo nimecheka sana.

Nataka kuandika kuhusu supu. Najua wasomaji wangu wa blogu hii, wote tisa, mmezoea nilalamikie matokeo ya kidato cha sita. Matokeo bado. Supu imepatikana.

Mama alifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni, mwezi wa pili, nikiwa bado shuleni. Kovu limepona vizuri, analifunika kwa kitambaa. Kilichobaki ni kumeza. Kila anachokula kinashuka kwa sauti, kama maji yanayomiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba, na mara nyingine anakohoa hadi machozi. Daktari alisema itapungua taratibu. Kwa hiyo Mama anakula uji, viazi vya kuponda, na uji tena.

Na amekuwa akila peke yake, chumbani.

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema ukweli, na nimepakwepa kwa wiki nyingi. Baba anadhani Mama alijitenga mwenyewe. Sivyo. Wiki niliyorudi kutoka shule, shangazi alikuja na wageni wawili wa kanisani kwake. Baba hakuwepo. Tulikaa mkekani, sinia katikati. Mama akameza. Mgeni mmoja akainua macho. Kabla mtu yeyote hajasema neno, mimi nikachukua sahani ya Mama na kumwambia, "Twende ukalie chumbani Mama, utakula kwa raha." Nilisema kwa upole kabisa, kama nesi. Mama akainuka, akanifuata.

Nilikuwa naona aibu. Wala si kwa ajili yake, kwa ajili yangu.

Kuanzia siku ile akawa haji tena mkekani.

Wiki tatu zilizopita alisukuma bakuli la uji pembeni, akasema, "Pendo, nimechoka. Natamani ile supu ya kambini." Nilipokuwa darasa la tatu Mama alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye kambi ya mafundi wa barabara kule Ihumwa. Mafundi walikuwa Wachina, na karibu kila siku walikula supu ya tambi ndefu zenye tofu, ile inayotengenezwa kwa soya, nyeupe, laini kama jibini bichi. Wasaidizi walipewa pia. Mama anasema mwezi wa kwanza alikuwa anawapa wenzake bakuli lake, mwezi wa pili akaanza kuwaomba ya kwao.

Nikaamua nitaitafuta. Kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo. Mimi ndiye yule anayepita mlango wa duka mara tatu akijifanya anaangalia simu, halafu anarudi nyumbani bila sukari.

Mgahawa wa kwanza unaouza vyakula vya Kichina uko mjini, wa familia ya Kihindi ambayo pia ina duka la vitambaa mlango wa pili. Mzee mwenye mgahawa akaniambia kwa mapenzi, "Supu yangu pilipili kidogo tu, binti yangu." Ilikuwa nzito, tamu, ina kitunguu saumu cha kutosha mtaa mzima. Kidogo chake kilinitoa makamasi. Kwa koo la Mama haifai. Wa pili ni hoteli yenye menyu ya kurasa nyingi. Mhudumu akasema tofu imekwisha, lakini alivyolitamka hilo jina niliona wazi kwamba haijawahi kuwepo.

Wa tatu ni Kizota, katikati ya gereji na karakana za mashine. Meza sita, pazia la shanga, ukuta una kalenda mbili. Mwenye mgahawa ni mama wa Kichina ambaye kila mtu anamwita Mama Lin. Anayehudumia ni Dada Suzi, mwenyeji wa hapahapa. Nikaagiza bakuli moja nionje kwanza.

Nilikula kama Mama alivyonifundisha: mdomo umefungwa, tambi nazizungusha kwenye uma, hakuna mlio. Nilikuwa nimefika nusu Dada Suzi akaja.

"Mdogo wangu, chakula kibaya?"

"Hapana dada, kitamu."

"Sasa mbona kimya hivyo? Mama Lin anakuchungulia kule jikoni, roho haimtulii. Hapa mtu asipovuta tambi zikalia, tunajua zimemshinda."

Fundi mmoja mwenye ovaroli la mafuta akadakia kutoka meza ya jirani, "Vuta, binti! Hatuko kwenye kitchen party hapa."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini nilivuta. Ulitoka mlio mdogo wa aibu, na kule nyuma ya pazia nikasikia mtu akicheka kwa furaha.

Ningekuwa na akili ningeelewa palepale. Mimi nikawaza kubeba. Siku iliyofuata nikarudi na chupa yetu ya chai, Dada Suzi akaijaza, nikaikumbatia kwenye bajaji hadi Mkonze. Nilipoimimina, hakukuwa na supu. Tambi zilikuwa zimeinywa yote, zimevimba kama vidole vilivyokaa majini, tofu imesagika, na juu ya yote kulikuwa na harufu ya chai ya iliki.

Mama alionja vijiko viwili. "Pendo. Huu ni ugali." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akasema, "Ile inaliwa ikitoka jikoni, mwanangu. Palepale."

Nikaifunga chupa. Wote wawili tulijua kwamba "palepale" maana yake ni mbele za watu.

Siku kadhaa nilikuwa naanza kumwambia kitu na kukimeza. Jana nikapata njia. Nikamwambia, "Mama, mimi hata sijui kama ndiyo yenyewe. Sijawahi kula ya kambini. Twende ukanithibitishie." Akasema ataonja tu.

Leo amevaa kitenge chake cha Jumapili. Tulipofika akachagua meza ya mwisho na kukaa akiangalia ukuta. Mgahawa ulikuwa umejaa: mafundi wa gereji, na Wachina wawili waliovua kofia na kuziweka magotini. Wote wanavuta tambi. Kelele yake ni kama ng'ombe kwenye birika la maji, na nasema hivi kwa heshima.

Mabakuli yakaja, mvuke unapanda. Mchuzi mweupe, majani ya kitunguu, vipande vya tofu vinne. Mama akaanza na tofu. Akameza, na ile sauti ikatoka.

Masikio yangu yakawa ya moto. Ndiyo, hata leo. Naandika kwa sababu niliahidi kutojidanganya humu.

Hakuna aliyegeuka.

Akavuta tambi, akameza, akavuta tena. Mara akapaliwa. Nikashika ukingo wa meza. Fundi wa meza ya jirani, bila kuacha kula, akasukuma jagi la maji upande wetu. "Pole mama, pilipili hiyo."

"Asante baba," Mama akasema. Bakuli lake halikuwa na pilipili hata punje.

Alipofika katikati akageuza kiti. Akawa anawaangalia watu. "Ni yenyewe," akaniambia. "Ila ya kambini ilikuwa na tangawizi zaidi." Dada Suzi alikuwa anapita, akasikia. "Eh! Mama yako mkali! Ngoja nikamwambie mwenyewe." Mama Lin akatoka na kipande cha tangawizi mkononi, na Mama akamtolea maneno yote matatu ya Kichina aliyobaki nayo kutoka kule Ihumwa: chumvi, haraka, inatosha. Mama Lin alipiga makofi. Mimi nilicheka mpaka midomo ikachanika.

Mama alimaliza bakuli, akalinyanyua na kunywa mchuzi wa mwisho. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona akimaliza chakula.

Jioni niliandaa viazi vyake kwenye sahani na kuanza kwenda nayo chumbani kama kawaida. Nilipogeuka, Mama alikuwa tayari amekaa mkekani, kati ya Baba na mdogo wangu Tumaini. Baba alisogea, akampa maji ya kunawa. Mama akameza, na sauti ikatoka. Tumaini, ambaye ana miaka minane, akasema, "Mama, koo lako linaongea."

"Linaomba chumvi," Mama akajibu. "Ilete."

Wote walicheka. Mimi nilitazama sahani yangu.

Kwa sababu bado sijamwomba msamaha. Tumekula pamoja mara mbili leo, tumepanda bajaji bega kwa bega, na sikuweza kutamka. Humu naweza, hamnioni uso. Lakini Mama hasomi humu, na si ninyi niliowanyanyua mkekani.

Kesho ataamka kabla yangu, kama kawaida yake, atakuwa anafagia uani. Nitaanza na shikamoo. Akishaitikia marahaba, nisinyamaze.