Sahani ya Baba Yako

Siti, mama yako kala chochote? Kama bado, ule muhogo wa nazi wa jana uchemshe tena kwa moto mdogo, maana nazi ikilala huchacha. Uuonje kwanza, ukiwa umeharibika, wape kuku. Changu wa kukaanga yumo kwenye kijungu cheusi. Mkamulie ndimu, mle nyote wawili.

Usiku mpakulie baba yako kama kawaida. Huo mstari nimeukata. Usimpakulie.

Unajua mimi kila usiku humwekea mwanangu chakula chake tangu alipokwenda vitani, na asubuhi mama yako hukila kiporo kisitupwe. Leo nilipomsogezea, kakisukuma. Nikamwambia, "Khairiya, chakula hakisusiwi." Kanijibu kwa adabu, sauti iko chini: "Mama, wenziwe wamerudi, wametwambia kazama. Nimechoka kula kiporo cha maiti. Nataka nikae eda, niwe mjane kama wajane wenzangu."

Atakaaje eda, na mimi kila usiku nampakulia mumewe?

Nimekwenda Wingwi kwa kaka yangu Nyange, tupange hitma. Kuni ziko uani, zifunike, mbingu imefunga.

Mama yako mwambie sikukasirika, wala sikuwa nikimfunga. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: asubuhi moja nifunue kawa, nikute sahani tupu.

Bibi yako