Vipimo Viwili kati ya Ishirini na Vinne

Igogo, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini goti lako limetulia tangu mvua zilipopungua huko Muleba. Kahawa imeanikwa? Usinijibu kwamba umeianika mwenyewe.

Mama, wiki hii nilimkosea mtu, nami nataka usikie habari hiyo kutoka kwangu. Katika chumba cha baridi cha kuhifadhia sangara tumefunga vipimajoto vinavyosoma kila saa, na mimi ndiye niliyeandika programu ya kukokotoa wastani wa siku. Juzi chumba kilipata joto mchana kutwa, samaki wakaanza kulegea, ilhali programu ilisema hali ni shwari. Nilipoulizwa na mkuu wetu mbele ya wafanyakazi wote, nilijibu kwa sauti ya mhitimu kwamba vipimajoto alivyofunga Dada Eliza, fundi wetu wa umeme, ni vibovu. Akaamriwa avishushe, na ikasemwa kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Hakugomba. Alivijaribu kimoja kimoja kwenye maji ya barafu. Vyote vikasoma sawasawa. Ndipo akaja mezani kwangu.

"Mwanachuo, siku ina vipimo vingapi?"

"Ishirini na vinne."

"Na programu yako imehesabu vingapi? Iambie iandike."

Ikaandika: viwili.

"Viwili! Kuku wangu wa Sengerema angeona aibu."

Katika lugha ya kompyuta iitwayo C, vipimo hupangwa mfululizo katika safu. Kielekezi ni anwani tu ya mahali kitu kilipo. Tangu chuoni nimebishana kwamba safu na kielekezi ni kitu kimoja, kwa kuwa ukilikabidhi jina la safu kwa sehemu nyingine ya programu, hugeuka kuwa anwani ya kipimo cha kwanza. Ni kama unavyoitwa Mama Koku. Mgeni akitajiwa jina hilo atafika kwetu, atamkuta Dada Koku, na akihesabu kutoka kwake atanipata mimi, kisha wadogo zangu. Lakini jina hilo halimwambii kwamba tuko sita. Mimi niliipima anwani nikidhani naipima safu, nayo anwani ina upana wa vipimo viwili tu; wastani ukawa wa vipimo viwili vya kwanza, vya usiku wa manane, kabla ya joto. Idadi ilipaswa kukabidhiwa pamoja na anwani.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya watu walewale nikasema: "Vipimajoto vya Dada Eliza ni vizima. Kosa ni langu." Mkuu wetu akatamka kwamba mkataba wa Eliza unaendelea. Eliza mwenyewe akasema, "Haya, njoo ushike ngazi." Niliishika hadi alipokirudisha kipimajoto cha mwisho.

Nisalimie Dada Koku, wadogo zangu wote wanne, na Bibi mzaa baba. Baba naye mpe shikamoo yangu, umwambie kwamba nimeomba radhi bila kutia neno "lakini". Hataamini. Eliza yupo, na aulizwe.

Mwanao akupendaye,
Mujuni