Gitaa Kati ya Meno

Jumatatu, 2 Juni. Kihesa, Iringa.

Swali ni lile lile ninalolizungusha tangu nikiwa chuoni: je, Baba aliupenda muziki, au alishindwa tu kuuacha? Miaka yote nimeamini kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Siku hizi sina hakika.

Asubuhi kama kawaida. Chai ya tangawizi, redio kwa sauti ya kuwaudhi majirani, kisha gitaa. Anaketi barazani na koti lake la kiwandani, lile la kiwanda cha karatasi cha Mgololo, viwiko vimelika. Gitaa ni la umeme lakini hapa nyumbani halichomeki popote. Anainama, anauma pembe ya gitaa kwa meno, anafumba macho, anakaza uzi. Alipoanza tabia hii nilidhani ni mbwembwe za uzee.

Ni masikio. Sauti inapita kwenye meno, inafika kichwani kwa njia ya mfupa. Mashine za karatasi mchana, spika jioni, ujana wote. Daktari amesema la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Akasema pia gitaa la jukwaani basi. Baba alimwitikia kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua.

Jumatano, 4 Juni

Mzee Abuu, mtu wa pwani, amepiga simu kutoka Mbeya. Ndiye mwimbaji wa Radi, bendi ya roki waliyoianzisha Mgololo wote wakiwa vijana wa kiwandani. Sasa anauza vitenge na kanzu. Mwanawe, Salim, amejenga ukumbi na anataka Radi waufungue Jumamosi ya wiki ijayo. Wazee hawa hukutana kila Idi na kila Krismasi, wakapiga, wakala pilau, wakatukanana. Lakini mbele ya wageni, ni miaka mingi.

Nilimfikishia Baba ujumbe kwa kupaza sauti. Nadhani jirani alielewa kabla yake.

"Mwambie Mpwani nakuja. Na avae sweta, asije akafia jukwaani."

Jumamosi, 7 Juni

Sipendi safari hii. Naogopa watu watamcheka.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Naogopa watamcheka yeye, au naogopa watamcheka baba yangu mimi nikiwa nimeketi pale? Si hofu moja. Ya kwanza ni upendo. Ya pili sijui niiite nini.

Anafanya mazoezi tangu alfajiri. Ana furaha. Inaniumiza kuiona.

Alhamisi, 12 Juni. Mbeya.

Tumefika. Baridi ya kukata vidole. Gitaa lilisafiri mapajani mwake toka Iringa. Alikataa liwekwe kwenye buti la basi.

Ijumaa, 13 Juni

Mazoezi ukumbini. Salim ameleta kinanda, apige nao. Kijana mpole, ana shahada, anapiga vizuri. Baba akauma gitaa lake, akakaza nyuzi, akaridhika. Mzee Ambakisye, mpiga besi, akainama na kufuata. Wakaanza.

Mambo yalikwenda vibaya. Noti za gitaa zilikuwa chini ya za kinanda, si kwa kiasi kikubwa, kiasi cha mchanga kwenye wali. Salim akaacha kupiga. "Baba mkubwa, samahani, gitaa limeshuka." Baba hakusikia. Aliendelea, anatabasamu.

Nikamvuta Mzee Abuu nje. Nikamwambia yote: daktari, masikio, kwamba Baba asipande jukwaani kesho. Nilisema kwa utulivu. Nilikuwa nimejiandaa.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, unaniletea habari za mwaka gani hizi? Wewe ungali chuoni sisi tulishajua. Kwetu hakuna anayekaza uzi kabla ya baba yako Gaspari. Akishuka, Ambakisye anashuka, na mimi nashuka na koo langu. Mbona tunafika?"

"Yeye anajua kwamba mnamfuata?"

Akaangalia mlima Loleza kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. Akarudi ndani.

"Salim, zima kinanda."

"Lakini baba, kinanda ndicho kilicho sawa."

"Najua. Kizime."

Nimesoma falsafa, habari nyingi za ukweli, na ninaufundisha darasani. Leo nilimwona mtu akiuzima kwa swichi, na sikuweza kumlaumu.

Jumapili, 15 Juni

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Ukumbi ulijaa. Baba alivua viatu, akasimama na soksi juu ya mbao, karibu na spika ya besi, ili mguu usikie. Bendi nzima ilikuwa chini kidogo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa chini. Katika wimbo wa tatu alizunguka raundi moja zaidi ya inavyotakiwa. Ambakisye akazunguka naye. Mpiga ngoma naye. Abuu alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akajifanya anacheza. Watu wakashangilia, wakadhani ndivyo ulivyotungwa.

Nililia. Sijui ni kwa sababu ya fahari au ya aibu kwamba nilitaka kumshusha.

Alipotoka jukwaani aliniambia: "Mwalimu, umeniona?" Hakuuliza kama nimemsikia.

Jumanne, 17 Juni. Kihesa.

Tumerudi. Mvua haipo, ukungu mwepesi. Nimepika ugali na majani ya maboga.

Jioni alikuwa barazani. Akanipa ishara nisogee. "Njoo uume." Nikauma pembe ya gitaa, nikaziba masikio kwa vidole. Akapiga uzi mmoja. Sauti haikutoka nje. Ilikuja kutoka ndani ya fuvu langu mwenyewe, kubwa, ya joto, kana kwamba mimi ndiye niliyeiwaza. Kama hivi ndivyo anavyosikia, sijui nani angeweza kuacha.

Kisha nikaona midomo yake inasema kitu, nikazibua sikio moja.

"Iko chini kidogo, siyo?"

Gitaa lilikuwa kinywani mwangu. Alinitazama, akacheka, hakuukaza uzi. Akaendelea kupiga.

Kwa hiyo sijui. Huenda anajua, na amewaacha rafiki zake wamfuate kwa kuwa hiyo ndiyo zawadi waliyo nayo. Huenda alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza kuhusu chumvi. Ningeweza kwenda sasa hivi kumuuliza. Yuko barazani, namsikia. Siendi. Jibu moja kati ya hayo mawili lingemnyang'anya kitu, na sijaweza kutambua ni lipi.