Dola ya Bibi Imefika Tanga Ikimetameta

Dada Asha, shikamoo. Huku Tanga joto halisemeki, na maduka siku hizi yamejaa sabuni za kila rangi. Zimechelewa.

Ile dola ya fedha ya Wamarekani wa kale, moja ya zile mbili alizotuachia bibi, nilimpelekea jana mzee mmoja anayekusanya sarafu. Kabla ya kusafiri niliisugua kwa majivu na ndimu, kama tulivyosugua masufuria miaka ile sabuni ilipoadimika. Ikang'aa kama meno ya bwana harusi. Mzee akaitazama kwa lenzi, akashika kichwa.

"Nani kaisugua hivi?"

"Mimi, mzee wangu," nikajibu kwa fahari.

"Mwanangu, mimi nanunua ule weusi wake wa ukale! Hii sasa kawachongeshee watoto herini."

Basi macho ya mama hayatapasuliwa kwa dola hii. Imebaki ile iliyomo sandukuni mwako. Nakuomba, dada, usiiguse. Ila kadi hii itakufikia baada ya Idi, na nakujua: kabla ya Idi wewe husugua hata kufuli la mlango.

Mama mwambie huku joto tu. Nawaombea Idi njema, yenye uchafu kidogo.

Mdogo wako, Hamadi