Kijiko Ulichokikataa kwa Bi Mwanahawa

Hilda mdogo wangu,

Shikamoo yako sijaisikia mwaka wa tisa huu. Tanga si Ulaya. Basi linatoka huko asubuhi, na kabla jua halijainama umeshashuka Soni unapangusa matope viatuni. Watu wenye magoti mabovu kuliko yako wanapanda mlima huu kila wiki kufuata kabichi, wewe unashindwa kupanda kunifuata mimi. Au unangoja uje na sanda mkononi? Ukija siku hiyo sitakuitikia, ujue hilo mapema.

Ndiyo, Pasaka ulipiga simu. Nilisema haloo nikaikata. Simu siiamini. Mtu anakuambia yu mzima na uso wake huuoni. Barua utaishika. Utaisoma mara ya kwanza umekasirika, mara ya pili umepoa. Anayeniandikia ni Neema, mjukuu wangu, yuko kidato cha pili. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinitengenezee maneno, na kila ukurasa anisomee, maana nyinyi mliosoma nawajua.

Nataka tuzungumze habari za hoteli ya Bi Mwanahawa. Usiikunje barua. Tangu ifungwe mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu na wewe tisa, hatujalitaja jina lile tukiwa wawili, na sasa tumezeeka.

Alivyokuja huwezi kukumbuka, ulikuwa mdogo mno. Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, mwanamke wa Pangani akashuka kwenye basi la kutoka Mombo na sufuria tatu, kibao cha kukunia nazi, na kanga mbili za kujitanda kwenye baridi yetu. Watu wakasema hamalizi masika. Akajenga kibanda cha udongo, bati juu, benchi nne ndani, karibu na pale magari yanapopumzika yakisha kupanda kona. Nazi zake zilikuwa zinapandishwa na basi kutoka Tanga, mbili mbili ndani ya gunia, utadhani watoto mapacha. Sisi watu wa mlimani maharage tulikuwa tunayajua ya chumvi na kitunguu. Yeye akayatia tui. Mara ya kwanza kuyala, wewe ulilia yalipokwisha, akakupa sufuria uikombe, ukaingiza kichwa chote.

Baba yangu alisema ataenda shule mmoja katika ua wetu, na aliyekwenda ni wewe, binti wa mdogo wake, kwa sababu ulikuwa mdogo na mikono yako haikufaa jembe. Sikulalamika. Mimi nilipata pale kwa Bi Mwanahawa. Nilikuna nazi, nikaosha sahani, nikajifunza kujua mtu kwa jinsi anavyoshika kikombe. Wewe ulikuwa na shule, mimi nilikuwa na jiko lile. Kwa hiyo lilipozimwa, aliyefukuzwa shule ni mimi. Hilo sijawahi kukuambia.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Kwetu mtu hapewi kitu akaanza tu kumeza. Mwenye chungu anaonja kwanza, wageni wakimtazama koo, ndipo wanapokea. Tunaita kutoa uchawi. Hata mama anamwonjea mkwewe. Bi Mwanahawa alilijua hilo, wala hakuchukia. Kila sufuria ilipofunuliwa, madereva walimwambia, "Haya, mama wa pwani, toa uchawi." Naye anachota, anameza, anapanua mdomo waone hakuna kitu. "Uchawi ningekuwa nao," anawaambia, "ningekuwa huku nagandishwa na ukungu wenu?" Watu wanacheka, wanakula.

Lakini mwezi wa Ramadhani Bi Mwanahawa alifunga. Aliwapikia walaji, akatundika kanga mlangoni, akasema, "Mnaokula kuleni, mimi mdomo wangu una mwenyewe." Kuonja hakuonja. Ndipo zamu ikawa yetu. Mimi nilionja siku ya kwanza, wazee wakanung'unika kwamba mimi ni mtu wa jikoni. Wakakutaka wewe. Mtoto mdogo hajui kuficha, walisema. Ukitoka shule unapandishwa juu ya benchi na kijiko chako, unaonja, unalamba midomo, na hoteli nzima inapumua.

Kisha ikaja siku ile ya gulio. Mvua za vuli, watu wamejaa, mpaka wengine wamesimama na sahani tupu. Baba yako, yaani baba mdogo wangu, alikuwa benchi la mbele na wazee wenzake wa kanisa. Bi Mwanahawa akafunua maharage, moshi ukapanda, akakupa kijiko. Ukakishika. Ukabana midomo.

"Onja, Hilda," nikakuambia.

Ukatikisa kichwa.

"Onja mwanangu, watu wana njaa," akasema mzee mmoja. Wewe ukazidi kubana, machozi yanakutoka, lakini midomo imefungwa kama mdomo wa mfuko. Bi Mwanahawa alikutazama, Hilda. Alikutazama kwa kitambo, kisha akakitwaa kijiko mkononi mwako polepole, akakuteremsha.

Baba yako ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Mtoto amekataa," akasema, akaiweka sahani yake chini.

Nilikimbia nikachota vijiko vitatu mfululizo, nikaungua ulimi. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Huyo mkubwa amekwisha kufundishwa." Wakatoka. Benchi nne zikabaki na matope ya viatu vyao. Yale maharage tulikula sisi na kuku.

Yaliyofuata baada ya hapo unayajua. Aliyeumwa tumbo Bumbuli alikuwa amekula kwa Bi Mwanahawa. Aliyeharibikiwa mimba alipita mbele ya mlango wake. Hata gari lililokatika breki pale kwenye kona, dereva wake alikunywa chai kwake. Madereva wa mbali walijikaza wiki mbili tatu, nao wakaacha. Na kwa vile ulikuwa wakati wa Ujamaa, kijiji kinatafuta nyumba ya duka la ushirika, ile yake ikaonekana haina walaji, iko barabarani, bati zuri. Na aliyepewa funguo za duka ni nani? Baba yako.

Sasa ungekuwa wewe ni mimi ungefikiri nini? Mtoto anakataa kuonja mbele ya baba yake. Baba anasema neno moja. Mwezi wa tatu baba ana funguo. Nilijiambia, huyu mtoto alitumwa. Alifundishwa nyumbani, akaambiwa siku ya gulio, watu wakijaa, bana midomo. Nikaliweka hilo kifuani kama mtu anavyoweka jiwe la kusagia, halitoki, na kila siku linasaga.

Na nililisaga kweli. Ulipoolewa nilikuja harusini, nikala kwa ncha ya vidole. Ulipoleta watoto likizo, nilikuwa nawatazama kama wanaangalia angalia vitu vyangu. Baba yako alipokufa nililia, lakini jicho moja lilikuwa linakutazama wewe unavyolia. Hata ulipokuwa unanisifia mboga nilikuwa najiuliza unataka nini.

Ndipo tukafika kwenye msiba wa mama. Hapa Neema amesimamisha kalamu ananitazama. Nimemwambia andika, hayo niliyafanya mimi. Ulikuja kutoka Tanga usiku kucha hujalala, ukaingia jikoni ukaniandalia chai ya tangawizi, ukaniletea pale mkekani mbele ya wafiwa wote. Nami nikakuambia, "Onja kwanza wewe. Toa uchawi." Mwenye chungu anaonja, ndiyo, ni desturi, lakini dada hamwambii hivyo mdogo wake kwenye msiba wa mama aliyewalea wote wawili, kwa sauti ile. Kila mtu alielewa nilichosema. Ulikinywa kikombe kile hadi mwisho unanitazama. Ukakiweka. Ukachukua mkoba wako. Huo ndio mwaka wa kwanza wa miaka tisa. Najua kwa nini huji, Hilda. Nimekukaripia hapo juu kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuanza.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi uliopita. Nilikuwa nimepika mboga, nikamwita Neema nikampa kijiko aonje chumvi. Akabana midomo. Akatikisa kichwa. Hilda, nilikaa chini. Ilikuwa midomo ile ile, kichwa kile kile.

"Una nini wewe? Kuna nini kwenye mboga?"

Nikamwambia nitachukua fimbo. Ndipo akasema, "Bibi, nimefunga. Nafunga na Mwanaidi."

Mwanaidi ni rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Mtoto wa Kilutheri, anaimba kwaya, anafunga Ramadhani kwa sababu rafiki yake anasikia njaa peke yake darasani, naye hakuona vyema. Hakumwambia mtu. "Mama angenipiga," anasema. Nami nimekaa pale na mwiko mkononi.

Kwa sababu siku ile ya gulio, Hilda, asubuhi nilikupa kiazi kitamu ule njiani. Ukakitia mfukoni. Kesho yake nilipokwenda mtoni kufua gauni lako, kiazi nilikikuta kizima, kimegandamana na kitambaa. Nikakulaani kwa kuharibu chakula. Na nilipokuja kukuchukua shule, njia nzima ya kurudi ulikuwa unatema mate. Kila hatua kumi unatema. Nikakuambia, "Acha kutema, una mimba wewe?" Ukacheka huku umefunga mdomo. Na jioni ile, watu wameshatoka, jua limezama, nilikukuta nyuma ya jiko umekaa na Bi Mwanahawa kwenye kibao cha kukunia nazi, amekufunika kanga yake moja, unakunywa uji kwa pupa, tende iko mkononi. Niliona hayo yote kwa macho yangu. Nikasema moyoni, tazama anavyobembelezwa, kuna siri hapa. Siri ilikuwepo. Mimi niliisoma juu chini, na kusoma sijui.

Siku ile ulikuwa umefunga naye. Ndivyo ninavyodhani sasa. Ulimwona anapika siku nzima bila kula, ukaona si vyema.

Na kuna jambo linanisumbua kuliko hilo. Alijua. Alipokutazama pale juu ya benchi, alijua. Angesema maneno mawili tu, mtoto amefunga, wale watu wangecheka, wangekula, hoteli ingekuwepo mpaka leo na mimi ningekuwa na jiko langu. Lakini baba yako alikuwa benchi la mbele, mzee wa kanisa, na fimbo yake tuliijua sote. Angekuchuna ngozi mbele ya gulio. Basi akanyamaza. Akaacha sufuria imwagike ili wewe usipigwe.

Siku aliyoondoka nilimbebea gunia mpaka kwenye basi. Alipanda na sufuria zake tatu. Kibao aliniachia mimi, ninacho mpaka leo, meno yamekwisha. Akaniinamia dirishani akasema, "Msimpige mdogo wako." Nilidhani anasema kwa hasira, kama mtu anayesema mwacheni, Mungu anamwona. Nimelibeba neno lile upande wake mbaya maisha yangu yote.

Mimi sijageuka malaika. Bado nina wasiwasi. Nimelala na kuamka nao, nikajiuliza labda najidanganya kwa sababu nimezeeka na nataka kukuona. Labda ulifunga kweli, kisha baba yako akaligeuza kwa faida yake, hilo nalo naliamini, maana neno lile alilisema haraka mno. Labda kweli alikutuma, na kiazi hukukipenda tu. Kama alikutuma, ulikuwa na miaka tisa, nani anaweza kumkatalia baba akiwa na miaka tisa? Njoo hata hivyo. Lakini la kikombe cha msibani ni langu peke yangu. Hilo halina labda. Nimekosa, mdogo wangu, nimekukosea mbele ya maiti ya mama yetu. Nimemwambia Neema alisome tena hilo kwa sauti, nami nimelisikia, limebaki hivyo hivyo.

Pale hoteli ilipokuwa sasa ni kibanda cha vocha na chaja za simu. Duka la ushirika lenyewe lilikufa siku nyingi. Mawe matatu ya jiko yako nyuma, watu wanakalia wakingoja gari. Mimi nikipita naketi pale kidogo. Yule kijana wa vocha ananiuliza, "Bibi, unangoja gari gani?" Namwambia la Tanga.

Basi njoo. Njoo na nazi mbili za huko, hizi za sokoni kwetu siziamini, zinakaa sana. Usile njiani, wala mahindi ya kuchoma ya Mombo usiguse. Shuka Soni, uje moja kwa moja jikoni, usipitie kwa majirani wakakupa habari zangu. Utanikuta nimebandika maharage. Nazi tutaikuna kwenye kibao kile kile, hata kama kitatutoa damu. Nitaonja mimi kwanza, nitapanua mdomo uone. Kisha nitakupa kijiko. Na safari hii ukibana midomo, nitakaa chini, nitakuuliza kwa nini, na nitangoja unijibu.

Dada yako,
wa Soni