Tingatinga la Ukurasa wa Arobaini

Galmae, mwezi wa kumi

Dada yangu Sun-ok,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepoa? Baridi ya Incheon isikuchezee magoti. Mimi mzima, meno tu ndiyo yananihama moja moja.

Kitabu cha michoro cha mwanao Yeo-jin kimefika. Shule niliiacha darasa la sita, lakini picha nazisoma kama profesa. Kumbe ukurasa wa arobaini ni mimi! Nimesimama kwenye tope la pwani mbele ya tingatinga, ndoo ya chaza mkononi, namwambia dereva anikanyage kwanza. Nimekizungusha kijiji kizima. Bibi Ok-bun akauliza, eti siku hiyo si nilikuwa nimelala chakari kwa pombe ya mchele? Wivu tu.

Sasa kampuni iliyoziba bahari yetu imemshtaki Yeo-jin kwa kuandika humo kitabuni kwamba wanakijiji hatukukubali. Alikuja Jumatatu, amekonda, supu ya pweza hakuigusa. Tope limepasuka kama kisigino, ndege wa pwani, vitwitwi, hawatui tena. Akaniinamia, akaniomba nimtolee ushahidi: "Mjomba, wewe ndiye uliyekuwepo." Nikajibu hata rais nitamweleza ana kwa ana.

Dada, sikuwepo. Nilikuwa nimejifungia ndani. Ya tingatinga nilimsimulia Yeo-jin mimi mwenyewe, kwenye sikukuu ya mavuno, akaamini.

Na kuna baya zaidi. Nilipokuwa mwenyekiti wa kijiji, kila nyumba iliniachia muhuri wake wa jina, watu wasikose mbolea ya serikali wakiwa baharini. Karatasi ikishagongwa, mwenyewe amekubali. Hakuna anayeuliza mkono wa nani. Wakaja mabwana wawili wa kampuni na karatasi ya kukubali bahari izibwe, wakaniita Mheshimiwa. Nani aliwahi kuniita hivyo? Nikagonga mihuri sitini na mitatu alasiri moja, bila kumuuliza mtu, nikitamba kwamba Galmae yote imo mfukoni mwangu. Wako pia niligonga.

Karatasi hiyo wanayo. Alhamisi nitasimama mahakamani niseme ni mkono wangu. Mtoto atapona, mimi nitafungwa, na tope halitarudi.

Jana nilimpigia simu nikamwambia. Akauliza siku ya mihuri nilivaa nini, na wino ulikuwa rangi gani. Nikamjibu: shati la harusi, wino mwekundu. Nikasikia penseli ikikwaruza. Hakuniita mjomba.

Usije mahakamani. Wasalimie majirani zako, nawe kunywa dawa kwa wakati.

Ni mimi nduguyo,
Pil-gyu